Mguu Unauma Wapi, na Saa Ngapi?

Kabla hujapaka dawa, hujafunga kitambaa wala hujamwita mtu wa kukuchua, jibu maswali mawili. Mguu unauma pahala gani hasa? Na unauma wakati gani? Weka kidole kimoja juu ya pahala penyewe, ubonyeze. Ukishindwa kuonesha kwa kidole kimoja kwa sababu maumivu yameenea mguu mzima, hilo nalo lina maana yake. Kisha kumbuka siku ilivyokwenda: yanaanza asubuhi unaposhuka kitandani, jioni unaporudi pwani, au yanakuamsha usiku wa manane? Wapo wengi waliochuliwa, wakapakwa dawa na kudungwa sindano bila ya mtu yeyote kuwauliza hayo, na mguu ulikuwa umeshajieleza tangu siku ya kwanza.

Miguu ya Unguja na Pemba ina mambo yake. Inaloa kila swala kwa udhu. Inashinda ndani ya maji ya chumvi kwa kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani. Inapanda minazi na mikarafuu, inakanyaga maweni, na muda wote huo imevaa ndara au haikuvaa kitu. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kwa dalili zinazoonekana huku kwetu.

Yapo yasiyosubiri hata kesho. Nenda hospitali leo ikiwa mguu umepinda au mfupa unaonekana, ikiwa vidole vimekuwa baridi na vyeupe au vya buluu, ikiwa wekundu unapanda juu pamoja na homa na mtoki kinenani, ikiwa una kisukari na umeona kidonda chochote, au ikiwa mguu mmoja tu umevimba ghafla na shavu la mguu linauma. Hilo la mwisho huenda likawa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mguu wa namna hiyo haukandwi wala hauchuliwi.

Kisigino kinauma hatua za mwanzo za asubuhi

Unatia mguu chini alfajiri, kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari. Ukenda mpaka msalani na kurudi, maumivu yanapungua. Ukikaa kitako muda mrefu kisha ukasimama, yanarudi. Ukibonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, unaruka.

Chini ya unyayo kuna mkanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Ukibebeshwa kazi kuliko uwezo wake, pale uliposhikia mfupa panachakaa. Usiku unajikaza, na asubuhi unavutwa kwa mara moja. Wanaoupata zaidi ni wanaosimama kutwa: walimu wa skuli, wapishi, wauzaji wa Darajani. Uzito wa mwili unachangia, shavu la mguu lililokaza linachangia, na ndara bapa iliyolika kisigino inachangia sana.

Dawa yake kubwa haiuzwi. Kabla hujashuka kitandani, kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka uhisi unyayo umekaza. Hesabu mpaka 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na ile ya kabla ya kusimama asubuhi usiikose. Kisha simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, egemea mpaka shavu la mguu livutike. Jioni gandisha chupa ya maji, uiviringishe chini ya unyayo dakika 10. Ndani ya nyumba usitembee pekupeku juu ya sakafu ngumu. Vaa kiatu chenye kisigino kilichonyanyuka kidogo na soli isiyokunjika katikati.

Subira inahitajika. Wengi hupona bila ya kupasuliwa, lakini hupona kwa miezi, si kwa siku. Na ukipigwa eksirei ukaambiwa una "mwiba wa mfupa" kisiginoni, usiingiwe na hofu: wako wengi wenye mwiba huo ambao hawaumwi na chochote. Sindano ya kisigino hutuliza, ila ikirudiwarudiwa huweza kuudhoofisha mkanda wenyewe hadi ukachanika.

Yakiuma *nyuma* ya kisigino, pale kwenye ukano mnene, swali ni jengine: je, umemeza siprofloksasini hivi karibuni? Dawa hii watu huinunua dukani kwa tumbo au kwa mkojo, na moja ya madhara yake ni kudhoofisha kano, hasa ukano huu, na zaidi kwa wazee na wanaotumia dawa za jamii ya predinisoloni. Ukihisi maumivu hapo nawe unaimeza, usimeze nyengine kabla ya kuonana na daktari siku hiyo. Kama ulisikia kishindo, ukadhani umepigwa teke kwa nyuma, lala kifudifudi miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Ukano ukiwa haukuumia, unyayo hujisogeza wenyewe. Usiposogea, ukano umekatika.

Kifundo kimeteguka

Hapa ndipo makosa yanapofanyika, na yanafanywa kwa nia njema. Kijana amecheza mpira, mguu umepinda kwa ndani, kifundo kimevimba upande wa nje. Kabla ya Isha ameshapelekwa kwa mchuaji, anavutwa, anakandwa kwa maji ya moto, analia. Asubuhi kifundo kimekuwa mara mbili ya jana.

Kilichotokea ni kwamba ligamenti, yaani kano zinazoshika mfupa kwa mfupa, za upande wa nje zimevutika au kuchanika, na damu inavuja ndani. Siku mbili tatu za mwanzo maji ya moto na kuchua kwa nguvu huzidisha kuvuja. Na kama kuna ufa kwenye mfupa, kuvutwa huko kunaweza kuusogeza. Wachuaji wetu nawaheshimu, mikono yao inajua mengi, lakini zamu yao si usiku ule.

Kwanza pima kama huenda mfupa umevunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambayo hata asiye daktari anaweza kuielewa. Shika ule mfupa uliotokeza upande wa nje wa kifundo. Kwa kidole gumba bonyeza ukingo wake wa *nyuma*, tangu ncha ya chini kupanda juu kiasi cha sentimita 6. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani. Kisha bonyeza kile kinundu kilichopo katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, usawa wa nusu ya njia baina ya kisigino na kidole kidogo. Mwisho bonyeza mfupa uliotokeza juu ya uvungu wa unyayo, upande wa ndani. Maumivu makali juu ya mfupa wenyewe pahala popote katika hapo, au kushindwa kwenda hatua nne, hata kwa kuchechemea, tangu alipoumia hadi sasa: apigwe eksirei. Akienda hatua nne na mifupa haiumi anapobonyezwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki hakifai kwa mtoto mdogo wala kwa mwenye ganzi miguuni.

Kama haikuvunjika, nyanyua mguu juu ya mto, uwe juu kuliko moyo. Funika kifundo kwa kitambaa, weka barafu juu yake dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa chache. Mifuko ya barafu ya kuuza mtaani inatosha kabisa. Funga bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, na ukiona vidole vinakuwa baridi au vinabadilika rangi, ilegeze. Paracetamoli kwa maumivu.

Halafu usilale nao mwezi. Mara tu maumivu yakiruhusu, anza kuutia uzito kidogo kidogo. Ukiwa umekaa, andika alifu, be, te hewani kwa kidole gumba cha mguu, herufi zote mpaka ye, mara mbili tatu kwa siku. Wiki ya pili simama kwa mguu ulioumia peke yake, umeshika fremu ya mlango. Kisha bila ya kushika. Kisha umefumba macho. Zoezi hili la kusimama ndilo wengi wanaloliacha, na ndiyo sababu kifundo kilekile kinateguka tena na tena kila msimu wa ligi ya mtaani. Ligamenti zikipona bila ya mguu kufundishwa upya kujizuia, kifundo hubaki kilegevu. Usirudi uwanjani mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila ya maumivu.

Mkwezi aliyeteleza mnazini, au mchumaji aliyevunjikiwa na tawi la mkarafuu, khabari yake ni tofauti. Akiangukia visigino kutoka juu, usiangalie visigino tu. Nguvu ile hupanda hadi uti wa mgongo, na huweza kuvunja pingili kiunoni. Muulize kuhusu mgongo, muulize kama anahisi miguu na kama anaweza kuitikisa. Mgongo ukiuma, msimnyanyue kwa kumkamata makwapa. Abebwe amelala juu ya ubao au mlango, mwili umenyooka. Kwa walioko kusini ya Pemba, Hospitali ya Abdulla Mzee iko Mkoani.

Baina ya vidole panawasha, ngozi nyeupe inabanduka

Ni fangasi, na mara nyingi huanzia baina ya kidole kidogo na cha pili yake, kwa kuwa hapo pamebana na hapakauki. Tunatawadha, tunapitisha kidole kidogo cha mkono baina ya vidole vya miguu kama sunna inavyotufundisha, kisha tunaingia katika kiatu cha kufunga na maji yetu. Unyevu huo ndio unaofuga fangasi. Kuosha kwenyewe ni usafi mzuri. Kilichokosekana ni kukausha. Weka kitambaa kidogo chako peke yako mfukoni, ukishatawadha kipitishe baina ya kila kidole. Ndara za msalani na mitalawanda inayovaliwa na kila mtu huhamisha fangasi kutoka mguu hadi mguu, basi kuwa na zako.

Krimu ya klotrimazoli paka mara mbili kwa siku, na uendelee wiki mbili *baada ya* kupona. Wengi huacha siku mwasho ukikatika, fangasi akarudi, kisha wanasema dawa haifai. Usipake krimu ya kuchanganya yenye steroidi, zile za kung'arisha uso zikiwemo: mwasho unatulia lakini fangasi anatambaa. Ukiona kucha zimekuwa nene, za manjano, zinamomonyoka, krimu haitoshi. Hapo zinahitajika dawa za kumeza za miezi, kwa daktari.

Usiidharau ngozi hii iliyochanika. Huo ni mlango. Vijidudu vinaingia hapo, na siku ya pili mtu ana homa, mguu mwekundu na mtoki.

Magaga, sugu na ukucha

Magaga hutokana na ukavu na uzito juu ya ukingo wa kisigino kisichoshikiliwa na kiatu. Roweka dakika 10, sugua kwa jiwe, kausha, paka mafuta mazito (ya nazi, Vaseline, au krimu ya yurea), vaa soksi ulale. Wembe usiuguse mguu. Magaga yaliyopasuka hadi damu yatibiwe kama kidonda.

Sugu ni jibu la ngozi kwa msuguano, kwa hiyo ukiikata bila ya kuondoa msuguano itarudi. Wazee wengi wana sugu upande wa nje wa kifundo cha kushoto, kwa kuukalia mguu huo katika tahiyatu miaka na miaka juu ya mkeka au saruji. Haina madhara, msala mnene au kijitambaa chini ya kifundo kinatosha. Asiyeweza kuvikunja vidole vya mguu wa kulia kwa sababu fundo la kidole gumba linauma, asilazimishe. Fundo hilo huenda limelika, na sheria imemwekea mgonjwa wasaa.

Ukucha unaoingia nyamani hutokana na kuukata kwa kuuzungusha pembeni. Kata kwa kunyooka. Ukishatunga usaha, usichimbe mwenyewe.

Kidole gumba kimewaka moto usiku

Alilala mzima. Saa nane usiku fundo la kidole gumba limevimba, jekundu, hata shuka likigusa anapiga kelele. Hilo ni jongo mpaka ithibitike vyenginevyo. Asidi ya yuriki imezidi mwilini, ikajijenga kama chembe kali ndani ya fundo. Karamu yenye nyama nyingi, maini, dagaa, vyakula vya baharini, kukosa maji, na baadhi ya vidonge vya presha vya kukojoza huliamsha. Barafu, pumziko, na dawa za uvimbe alizoshauri daktari. Lakini mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo asijinunulie dikilofenaki. Na vidonge vya presha asiviache kwa uamuzi wake. Akiwa na homa kali, aende haraka, maana fundo lenye usaha linafanana sana na jongo.

Umechomwa na kitu pwani

Yupo kiumbe wa matumbaweni, wa duara, mwenye miba mirefu myeusi; ukimkanyaga, miba yake inavunjikia ndani. Itoe kwa kibano ile inayotokeza tu. Usichimbe kwa pini, usiigonge kwa jiwe. Roweka mguu kwenye maji ya moto unayoyavumilia, kisha siki. Wengine hupaka utomvu wa papai bichi. Nao huunguza ngozi, mimi nachagua siki. Weusi ukibaki zaidi ya siku tatu, mwiba bado umo. Ukiwa karibu na fundo na fundo likavimba kwa wiki, unahitaji kutolewa hospitali.

Aliyechomwa na samaki taa, maumivu yake hayaelezeki. Tia mguu kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Maji apime mtu *mwengine* kwa mkono wake, au mgonjwa kwa mguu wake usioumia, kwani mguu ulioumia hauhisi sawasawa na utaunguzwa. Kisha hospitali, kwa kipande cha mwiba na kwa chanjo ya pepopunda. Unapotembea maji kupwa juu ya mchanga, buruta miguu. Taa akisikia mtikisiko hukimbia.

Kina mama wa mwani, mikwaruzo ya matumbawe na ya mambo (vijiti vya kufungia kamba za mwani) mnaizoea, lakini ioshwe kwa maji matamu na sabuni kila mkitoka, mpaka mchanga utoke. Msitie kerosini, dawa ya meno, wala mafuta makali ya karafuu. Karafuu inatia ganzi na inaunguza nyama kwa wakati mmoja. Kidonda cha baharini kinachotoa malengelenge na wekundu unaokimbia ndani ya masaa ni cha kukimbiziwa hospitali.

Na malengelenge yanayotokea siku chache baada ya kuchorwa maua ya arusi miguuni hayatokani na hina. Yanatokana na piko. Ina rangi ya nywele inayowasha ngozi, na aliyepata mara moja asiiguse tena maisha yake.

Mguu hauumi, na ndiyo hatari

Nimemwona bi mkubwa aliyekuja kwa sababu ndara yake ilikuwa na damu. Kipande cha mti kimeingia chini ya unyayo, yeye hajui kimeingia lini. Sukari iliyozidi kwa miaka huua mishipa ya fahamu ya miguuni, kisha huziba mishipa ya damu. Mguu unapoteza sauti yake.

Mpimeni nyumbani. Alale, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila akihisi. Gusa kwa ncha ya kidole chako, kidogo tu, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na kidogo vya kila mguu. Ni miguso sita. Usibonyeze, usirudie. Akikosa miwili au zaidi, miguu yake ni ya kulindwa kama ya mtu asiyeona njia. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na kinaweza kufanywa na mjukuu.

Baada ya hapo, kila jioni aangaliwe nyayo na baina ya vidole. Akiwa peke yake atumie kioo. Asitembee pekupeku hata ndani, hata ufukweni. Asiroweke wala kukanda kwa maji ya moto, asiote moto wa makaa. Mafuta apake, lakini siyo baina ya vidole. Hina ikiwa nzito nyayoni huficha wekundu, basi auache unyayo wazi. Viatu anunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kabla ya kuvaa atie mkono ndani atafute changarawe. Sugu yenye doa jeusi ndani ni kidonda kilichofichika. Kidonda chochote kiende kliniki ya kisukari siku hiyo, iwe Hospitali ya Mnazi Mmoja au kituo kilicho karibu, na kipumzishwe; kidonda kinachokanyagwa hakifungi hata kwa dawa gani.

Vidoti vyeupe vyenye nukta nyeusi

Ni funza. Jike lake hujichimbia kwenye ngozi na kujaa mayai. Sindano moja isipite kutoka mtoto hadi mtoto; humo ndimo maambukizi ya damu yanapita. Atolewe na mhudumu wa afya, au apakwe mafuta ya daimethikoni yanayomziba pumzi. Sakafu ya vumbi ndiyo nyumba yake, kwa hiyo sakafu ya saruji na viatu vya kufunga humaliza zaidi kuliko sindano.

Miguu imevimba

Yote miwili, jioni, na asubuhi imepungua: mara nyingi ni kukaa au kusimama sana. Yote miwili pamoja na pumzi fupi au uso kuvimba: moyo au figo vipimwe. Mja mzito mwenye kuumwa kichwa, kuona ukungu au kuvimba uso na mikono: presha ipimwe leo leo, ni hatari ya kifafa cha mimba.

Mmoja unaokua taratibu kwa miezi, ngozi ikawa nene: fikiria matende. Vijidudu vyake huletwa na mbu wa vyooni na maji machafu. Kule Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa chembe za polistirini zinazoelea ili mbu wasipate maji ya kutagia, na mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa kwa watu wote wa visiwa. Dawa huzuia maambukizi. Mguu ulioshavimba unahitaji kazi ya mikono. Uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, mikunjo yote na baina ya vidole, ukaushwe kwa kitambaa laini bila ya kusugua. Nyufa na fangasi zipakwe dawa. Kifundo kikunjwe na kukunjuliwa mara nyingi, na mguu unyanyuliwe unapokaa na unapolala. Zile homa zinazomlaza mtu na mguu ukawaka huingilia kwenye nyufa hizo, na kila homa inayozuiwa ni hatua moja ya uvimbe iliyozuiwa. Mguu ukiwa umewaka, siku hiyo usichuliwe wala usifanyiwe mazoezi: utulizwe kwa maji ya baridi, unyanyuliwe, na mgonjwa apelekwe akapewe antibiotiki.